Kuba, Bunge, Stesheni au Tembe: Uelekeze Kamera Wapi Ukifika Dodoma?

Tangu treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wa siku moja wameongezeka mjini. Mtu anaondoka Dar es Salaam alfajiri, kabla jua halijawa kali yuko Dodoma, na jioni anarudi kwake. Wengi wanakuja na kamera, au na simu yenye kamera nzuri, na swali lao ni lile lile: muda ni mfupi, niende kupiga picha jengo gani?

Swali hili lina uzito kuliko linavyosikika. Dodoma haina ngome kongwe kama Bagamoyo wala milango ya nakshi mtaa mzima kama Unguja. Majengo yake yanayostahili safari yametawanyika, yana tabia tofauti kabisa, na mengine yanaonekana tu kwa macho kwa sababu kamera hairuhusiwi. Ukikosea kuchagua utarudi na picha za maghorofa ya vioo ambayo ungeyapata Kariakoo bila kupanda treni.

Nitalinganisha manne: kuba mbili za mjini, moja ya kanisa na nyingine ya msikiti (nazihesabu kitu kimoja, na nitaeleza kwa nini), ukumbi wa Bunge, stesheni mpya ya reli, na tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa ya Wagogo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kwa mtu mwenye siku nzima, tembe inayashinda yote, na wala si kwa kura za huruma.

Kuba mbili

Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Waanglikana liko katikati ya mji, pua na mdomo na lile la Kilutheri. Ukilifikia bila kuambiwa unaweza kudhani ni msikiti, maana juu yake kuna kuba. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Makanisa mengi ya zamani ya Tanzania yalijengwa kwa kukumbuka Ulaya: mnara mrefu, paa lililochongoka, madirisha membamba. Hili halikufuata njia hiyo. Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Wamisionari waliokuja kwa mkondo huo walilikuta bonde pana lenye jua kali, na kanisa lililosimama hapa linatazama Mashariki ya Kati zaidi kuliko Uingereza.

Msikiti wa Gaddafi ni kizazi kingine kabisa. Ulijengwa kwa fedha za Libya, ukafunguliwa mwaka 2010, na unachukua waumini takriban 3,000. Ni mkubwa, umetengwa na majengo mengine kwa uwanja wake, na unaonekana ukiwa mbali. Kanisa limebanwa na mji. Msikiti una nafasi ya kupumua.

Ndiyo maana nasema uzipige pamoja. Kuba moja peke yake ni picha nzuri ya jengo. Kuba mbili, moja ya Wakristo na nyingine ya Waislamu, katika mji mmoja, kwa mwanga wa asubuhi moja, ni habari. Anayeziona picha hizo zikiwa ubavu kwa ubavu atauliza ni mji gani huu, na jibu lake litamshangaza.

Kwa ufundi, kanisa ni gumu zaidi. Huna nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo lenzi pana itakusaidia lakini itapinda kuta ukiielekeza juu sana. Afadhali usogee pembeni, uache miti na nyaya za umeme ziingie kwenye fremu, na uiache kuba ijitokeze juu ya mji kama inavyojitokeza kwa mpita njia. Msikitini tatizo ni kinyume chake: kuta zina rangi nyepesi na jua la Dodoma halina huruma, kwa hiyo simu inaunguza picha, kuba inageuka doa jeupe. Gusa sehemu angavu ya jengo kwenye skrini, kisha punguza mwanga kwa kidole kabla hujapiga.

Faida kubwa ya kuba hizi ni urahisi wa kuzifikia. Hakuna kiingilio, hakuna barua, na bajaji inakufikisha. Nje unapiga picha bila wasiwasi ukiwa na adabu. Ndani ni lazima uombe, na usiende Ijumaa mchana msikitini wala Jumapili asubuhi kanisani kama nia yako ni kamera. Mwanamke abebe mtandio, na mwanamume aache kaptula nyumbani. Watunzaji wa nyumba za ibada za Dodoma ni wakarimu ukisalimia kwanza na kueleza shida yako, lakini wakikukuta umeshaanza kupiga picha, usitarajie ukarimu huo.

Ukiwa mjini, pitia pia Uhindini. Nyumba za maduka za Waasia, zenye baraza mbele na ghorofa moja juu, bado zipo kadhaa, na zinapungua kila mwenye kiwanja anapopata fedha za kujenga juu. Stesheni ya zamani ya reli ya kati nayo iko hapo hapo karibu. Wajerumani walifikisha reli Dodoma mwaka 1910 wakiwa njiani kwenda Tabora na Kigoma, na mji wote wa zamani umejipanga kuifuata. Sitaviweka kwenye mashindano, kwa sababu hakuna kimoja kinachostahili safari peke yake. Lakini ukiwa tayari una miguu katikati ya mji, ni saa moja isiyopotea bure.

Bunge na stesheni

Hapa nayaweka majengo mawili ya dola kwa pamoja, kwa kuwa yana sifa moja na kasoro moja.

Ukumbi wa sasa wa Bunge ulianza kutumika mwaka 2006. Kabla yake wabunge walikaa katika ukumbi ambao leo unaitwa Msekwa, kwa jina la Spika wa zamani Pius Msekwa. Ukumbi mpya una umbo la mviringo na paa lililoinuka polepole, na kwa macho yangu ni jengo la serikali lililofikiriwa vizuri kuliko yote Dodoma. Linakaa juu ya ardhi yake kwa utulivu, halijaribu kukutisha.

Utulivu huo una historia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na mpango mkuu wa mji ulitoka mwaka 1976, kazi ya kampuni ya Kikanada, Project Planning Associates ya Toronto. Mpango ule haukutaka mji mkuu wa minara na sanamu za kujitutumua. Ulitaka mji unaofuata vilima na mabonde, mji wa watu wa kutembea kwa miguu na kwa basi, ulioendana na siasa ya Mwalimu Nyerere. Mengi hayakujengwa kama yalivyochorwa. Leo ukienda Mtumba, kwenye mji wa serikali uliozinduliwa Aprili 2019, utakuta majengo ya wizara yanayopanda juu, kila moja na vioo vyake. Ni ofisi nzuri kwa kazi, lakini kwa mpiga picha ni jengo moja lililorudiwa mara nyingi, na safari ya kwenda huko siipendekezi.

Stesheni ya SGR, iliyopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan siku ya uzinduzi wa treni, Agosti 1, 2024, nayo inataka kufuata ardhi ya hapa, ila kwa njia nyingine. Stesheni kubwa za reli hii zilibuniwa kila moja kwa alama ya mahali pake. Ile ya Dar es Salaam imechukua umbo la tanzanite, hii ya Dodoma imefuata majabali. Aliyewahi kukaa Dodoma ataielewa haraka, kwa kuwa mji mzima umezungukwa na vilima vya mawe ya matale, mengine yamebebana utadhani yamepangwa kwa mkono. Napenda wazo hilo. Napenda kwamba mbunifu alitazama dirishani kabla ya kuchora.

Sasa kasoro. Bunge ni eneo la ulinzi. Hukai getini ukapiga picha unavyotaka, na ndani simu na kamera zina utaratibu wake. Njia sahihi ni kuingia kama mgeni: vikundi vya shule, vyama vya ushirika na wananchi wa jimbo hualikwa na mbunge wao, hukaa kwenye jukwaa la wageni, na Spika huwatambulisha kikao kikiendelea. Bunge la Bajeti, ambalo huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, ndilo lenye wageni wengi. Ukipata mwaliko huo, usiukose, hata kama utarudi na picha moja tu ya kikundi mliyopigwa nje. Bila mwaliko, Bunge ni jengo la kutazama ukiwa barabarani.

Stesheni ina nafuu kidogo. Abiria wanajipiga picha kila siku mbele yake na hakuna anayewasumbua. Lakini ukitoa kamera kubwa na miguu yake mitatu, mlinzi atakuja kukuuliza kibali, na ana haki. Reli ni miundombinu ya taifa. Muulize mapema, mwambie unapiga jengo kwa nje, na kubali jibu lake. Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa Mei 2023, hata usiiweke kwenye orodha: hapo kamera inabaki kwenye begi, gari likiwa linatembea.

Droni nayo nisiipite kimya. Kuirusha bila vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya ulinzi ni kosa popote nchini, na katika mji wenye Bunge na Ikulu ni kosa litakalokumalizia safari yako polisi.

Kwa hiyo kati ya kuba na majengo ya dola, kwa mgeni wa kawaida, sioni ushindani. Bunge ni zuri kuliko msikiti kwa mpangilio, na stesheni ni ya ujasiri kuliko kanisa. Lakini picha usiyoruhusiwa kuitulizia haiwi picha nzuri.

Tembe

Wengi wakisikia nyumba ya asili ya Kiafrika wanaona duara na paa la nyasi lililochongoka, msonge. Tembe ni kinyume cha hayo yote. Ina pembe nne, paa lake ni bapa na limefunikwa kwa udongo, na ni fupi kiasi kwamba mtu mrefu anainama kuingia. Ujenzi wa aina hii umeenea katikati ya Tanzania, kwa Wagogo na majirani zao kadhaa, na ukitoka nje ya ukanda huu hauuoni kwa wingi.

Inajengwa hivi. Nguzo za miti migumu, zile ambazo mchwa anazikwepa, zinasimikwa karibu karibu na kukandikwa udongo. Ndani zinasimamishwa nguzo zenye panda juu, na kwenye panda hizo yanalazwa magogo. Juu ya magogo zinapangwa fito, juu ya fito matawi na nyasi, kisha udongo mzito unashindiliwa. Chumba kinaungana na chumba kwa upande mmoja, pande mbili, tatu, au zote nne, hadi katikati unabaki uwanja. Usiku ng'ombe wanalala humo, wamezungukwa na familia nzima.

Kila kipimo kina sababu. Mvua ya Dodoma ni kidogo, wastani wa karibu milimita 600 kwa mwaka, na inanyesha msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Paa la udongo lisingemaliza mwaka Bukoba, hapa linadumu. Unene wake unazuia joto la Oktoba lisishuke ndani, na unazuia baridi ya usiku wa Julai, ambayo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 si ya mchezo. Paa hilo hilo ndilo uanikio: mtama, karanga, maboga yaliyokatwa. Na zama za misafara ya pwani kwenda Tabora, Wagogo walipotoza hongo kwa wapita njia waliotaka maji na chakula, nyumba isiyo na nyasi juu haikuwa rahisi kuchomwa na adui.

Mzee mmoja upande wa Chamwino alinionyesha alama za moshi kwenye magogo ya dari yake akaniambia, "Mjukuu wangu, hii ndiyo dawa. Bila moshi mdudu angekula nyumba, angekula na akiba." Jiko lao liko ndani, na vilindo vya nafaka viko chumba kile kile. Nilichokuwa nimekiona kama giza na masizi kilikuwa ni sehemu ya ujenzi.

Mbele ya kamera, tembe inadai uvumilivu kuliko jengo lolote la mjini. Ukiwa mbali huioni. Udongo wa ukuta ni udongo wa uwanja, paa linalingana na upeo wa macho, na kama hakuna mbuyu karibu wa kukupa kipimo, jicho linapita tu. Kuba inashindana na anga, tembe imejilaza. Ndiyo maana picha zake nyingi ni mbovu: zimepigwa mtu akiwa amesimama, mchana, kutoka barabarani. Chuchumaa. Shusha kamera hadi urefu wa mtu aliyeketi kwenye kigoda, ukuta upande, paa likate fremu kwa mstari mrefu. Fanya hivyo jua likiwa limelala, saa moja asubuhi au saa kumi na mbili jioni, na ukuta uliokuwa bapa utaonyesha kila alama ya vidole vya aliyeukandika.

Kuna jambo la jua ambalo wageni kutoka nchi za mbali huwachanganya. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri Dodoma liko upande wa kaskazini. Miezi ya kiangazi, ambayo wengi husafiri, ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini mchana kutwa. Desemba na Januari mambo yanageuka. Hili linahusu kuba na stesheni pia, lakini kwenye tembe ndiko linakoamua kama una picha au huna.

Majira pia yanabadilisha nyumba yenyewe. Agosti na Septemba kila kitu ni rangi moja, kahawia na nyekundu, na upepo unainua vumbi linalolainisha mwanga wa jioni. Februari paa linaota majani. Nyumba nzima inakuwa na nywele za kijani, mbuzi wanazitamani, na ni picha ambayo hutaipata mahali pengine nchini kwa urahisi. Ningekuwa nachagua mwezi, ningechagua Februari, hata kama njia ina matope.

Ugumu wa tembe ni kuipata. Katikati ya jiji hakuna. Tangu watu wakusanywe katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na bati likawa ndiyo alama ya maendeleo, zimezidi kupungua. Anayejenga leo anajenga tofali na bati, na sina lawama: paa la udongo linataka kurekebishwa kila baada ya mvua, na magogo mazuri hayapatikani tena karibu. Zilizobaki utazikuta vijijini Chamwino, Bahi, Mpwapwa na hata ng'ambo ya Manyoni, mara nyingi mbali na lami. Chamwino ndiyo karibu zaidi, kama kilomita 30 hivi kwa barabara ya Morogoro, kisha unaacha lami na kuuliza. Usijipeleke mwenyewe. Pita ofisi ya kijiji, mweleze mtendaji unachotaka, aombe mtu akusindikize.

Ukifika, salamu ni "Mbukwenyi". Kaa kwanza. Hii ni nyumba ya mtu, na yeye hajaifungua kama makumbusho. Uliza kama unaweza kupiga nyumba, kisha uliza tena kama unaweza kupiga watu. Ni maombi mawili tofauti. Sukari na majani ya chai vinapokelewa vizuri kuliko noti iliyokunjwa mkononi. Picha uliyoisafisha na kuirudisha kwenye familia ile inathaminiwa kuliko vyote, kwa hiyo chukua namba ya simu ya mtendaji.

Kama huwezi kutoka mjini, au uko Dar es Salaam na hutakuja Dodoma karibuni, Kijiji cha Makumbusho pale Dar kina tembe ya kujengwa kwa maonyesho. Itakufundisha umbo. Haina ng'ombe wala moshi.

Nani aende wapi

Mwenye saa nne tu kabla ya treni ya kurudi achukue kuba: msikiti asubuhi kabla mwanga haujawa mweupe, kanisa baada yake, halafu Uhindini kwa miguu. Stesheni ataipiga wakati wa kuondoka, kwa simu, kama abiria wengine.

Wenye watoto wa shule waandike barua kwa mbunge wao na wapange Mei. Mtoto aliyekaa juu ya ukumbi ule akaona serikali inaulizwa maswali anafaidi kitu ambacho tembe haiwezi kumpa, na hapo nalipa Bunge haki yake yote.

Anayefuata ujenzi mpya, mwanafunzi wa usanifu hasa, aipe stesheni siku, apate kibali cha maandishi, kisha apande kilima chochote cha mawe siku hiyo hiyo alinganishe mchoro na jabali lenyewe.

Wengine wote, wenye siku nzima na hamu ya kuona kitu kisichokuwepo kwao, wakodishe gari saa kumi na moja alfajiri waende Chamwino. Wapatane na dereva bei ya kusubiri, si ya kufika tu, maana kwenye tembe kukaa ndiko kunakochukua muda. Wakirudi mjini mchana, kuba bado zitakuwepo kwa jua la jioni.